Shingo ya Napeyok

Kitabu kilinukia marashi, na hilo peke yake lilitosha kunichefua. Kitabu kinuke karatasi, kinuke panya, kinuke mikono ya watu waliokishika. Hiki kilikuwa kimepuliziwa. Nilikuja kuambiwa kwamba chenyewe ndicho kilichoamuru hivyo: vitu vyote vya mtu wa hadhi vinukie harufu moja, toka leso yake mpaka viti vyake, ili akipita watu wajue ni yeye. Hata fisi hujulikana hivyo hivyo.

Jina langu Aregae. Shule nimeisoma vipande vipande, mwaka mmoja Lokitaung, miezi kadhaa kwa mapadri, mengine nikajifunzia kwenye maandishi ya malori. Nimeuza samaki wakavu wa Kalokol, nimechunga ngamia wa watu, nimelala Kapoeta na nimelala Kitale, na sijawahi kujenga kibanda nikakaa mpaka kikavuja. Mwaka ule wa kaunti mpya, 2013, nilikuwa dalali wa mifugo. Nachukua mbuzi na ng'ombe kwa wafugaji, nawafikisha kwa wachinjaji wa kambi ya Kakuma.

Siku hiyo nilikuwa nimepeleka mbuzi upande wa kambi wanakokaa Warundi na Wakongo. Nikapita karibu na kibanda cha cherehani cha mama mmoja Mrundi anayeitwa Spéciose. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ninayoijua: "Shukrani, nimetosheka. Shukrani, nimetosheka." Mara nyingi, kama redio iliyokwama.

Nikafunua pazia. Alikuwa Akeno, mtoto wa dada yangu Napeyok. Amekaa kitini, amefungwa leso toka kwapani mpaka kiunoni, fundo nyuma ya kiti. Mbele yake sahani ya mahindi na maharagwe ya mgao. Uma mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, na haragwe moja linamkimbia sahanini.

"Mjomba! Ejok?"

"Ejok. Umeiba nini wakakufunga?"

Spéciose akacheka mpaka akashika meza. "Hajaiba kitu, papa. Ni mgongo. Mgongo wake unalala kama wa mtu anayechota maji kisimani."

"Na akishanyooka, maji yatachotwa na nani?"

"Ah, hiyo si somo langu. Mimi nimelipwa kunyoosha tu. Karibu ukae, papa. Lakini tumbaku hiyo, tafadhali, itoe mdomoni. Madam anaweza kufika."

Kusikia Madam nikajua kila kitu. Madam Arupe alikuwa mwalimu mkuu zamani, mwanamke mkali lakini wa kueleweka. Kaunti ilipokuja akapata cheo Lodwar, ofisi yenye pazia na mashine ya baridi, akaanza kukaribisha watu wa Nairobi, watu wa mafuta, watu wa miradi. Mtoto wake wa kiume, Ekitela, alikuwa amezaa na Akeno. Mtoto wao, Ebei, alikuwa ameshaanza kukimbiza kuku. Na kwetu mambo ni wazi: mpaka mwanamume amchome fahali mkuki nyumbani kwa kina msichana, hakuna ndoa. Mke si mke, na mtoto ni wa baba ya msichana. Ebei alikuwa wa shemeji yangu Lokwang, mzee aliyeko kule Lokitaung, si wa Ekitela wala wa Madam.

Madam alimtaka mjukuu. Akeno alitaka kuwa mke wa mtu, asiitwe tena msichana wa kwa Lokwang aliyezalia nyumbani. Kwa hiyo Madam akakubali fahali, ila kwa sharti moja: kabla ya siku hiyo Akeno afundishwe ulimbwende, maana baada ya fahali kutakuwa na chakula cha wageni wakubwa.

Nikakichukua kile kitabu. Kilikuwa nakala ya mashine, kimefungwa kwa waya, kimetafsiriwa kutoka Kifaransa na kijana mmoja Mkongo hapo kambini. *Kuishi Kilimbwende*, ndivyo kilivyoitwa. Nikasoma palipofunguka: "Shingo ni kinara cha uso. Familia duni hujulikana kwa shingo zilizojazwa vitu." Nikafunua pengine: "Mtu wa hadhi haoni kinyaa mezani. Jirani yake akichafuka, yeye huendelea kula na kuzungumza habari za hewa. Kujifanya hujaona ndiyo adabu ya juu kabisa."

"Adabu ya juu ni uongo?" nikauliza.

"Ya juu kabisa," Spéciose akasema, akakata uzi kwa meno. "Bujumbura nilipikia familia ya mkubwa mmoja. Bwana alikuwa anatapikia ulevi wake kwenye sahani, na Madame anauliza kama mvua itanyesha. Niliona kwa macho yangu. Hiki kitabu hakidanganyi."

"Na wewe unamfundisha mtoto wetu hayo?"

"Papa, ningefundisha kupika ugali mngenilipa?"

Nikamgeukia Akeno. "Unayaamini haya?"

Akalichoma lile haragwe, akaliinua, mgongo wima kama mkuki. Alikuwa amelipata. "Mjomba, mimi sitaki kuamini. Nataka kuolewa."

Nikatoka nje nikatema tumbaku yangu, nikatema tena.

*

Sharti la kitabu lilikuwa moja tu kwa jina. Lilizaa mengine kama kupe. Madam alisema fahali hawezi kuchomwa Lokitaung, wageni hawatafika. Basi wazee wakakubali Napeyok ajenge kibanda cha mikoma kwenye mchanga wa mto Turkwel, nyuma ya nyumba ya wageni ya Nawoitorong pale Lodwar, na kibanda hicho kihesabiwe ndiyo boma la Lokwang. Lokwang mwenyewe asingekuja, magoti yalikuwa yamekufa. Halafu Madam akasema fahali achomwe asubuhi mapema, wageni wakifika saa sita wakute mchanga umefagiliwa. Wazee wakakubali. Akasema hakuna kutema mate mbele ya wageni, hakuna tumbaku, hakuna shuka, hakuna vigoda ndani ya ukumbi. Wakakubali. Niliwaona wazee wale, watu niliowaogopa tangu utoto, wanaitikia kwa kichwa kila jambo kwa sababu wameahidiwa soda ya baridi na kiti chenye mto. Ekal, mkubwa wao, alikuwa ameshanunuliwa suruali. Alikaa nayo kama mtu aliyekalia siafu.

Kisha nikaambiwa nimlete fahali mimi. Si kazi ya mjomba wa bibi harusi kuleta fahali wa bwana harusi, jambo hilo ni la kuchekesha hata watoto. Lakini kwa Madam hapakubaki mtu anayejua ng'ombe. Ekitela alikuwa anajua kompyuta.

Nilimchagua mwekundu mwenye nundu nzuri, nikampandisha lori Kakuma alfajiri. Juu milimani mvua ilikuwa imenyesha bila kutuambia. Tukafika kwenye laga, mto ambao siku zote ni mchanga mtupu, tukakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita na vigogo, na magari yamepanga foleni pande zote mbili. Tukangoja. Jua likapanda, fahali akalala, dereva akalala. Simu ya Ekitela ilinitafuta mpaka ikachoka.

"Mjomba, mama anauliza uko wapi."

"Mwambie mama laga halijasoma kitabu chake."

Tulipoingia Lodwar wageni walikuwa wameshafika. Magari meupe yamejaa uani. Ukumbi una vitambaa vyeupe, maua ya plastiki na feni zinazozungusha joto. Kwa dirisha nikawaona wanashika bilauri kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya aliyekufa. Wote wananuka harufu moja. Nilikuwa mbali nao na bado ilinifikia, ikapita juu ya harufu ya fahali, na fahali yule alikuwa amejinyea safari nzima.

Madam Arupe akaja mbio kwa viatu vyenye kisigino, kila hatua kisigino kinazama mchangani. Gauni la rangi ya maziwa, glavu mpaka kwenye kiwiko. Lodwar! Saa nane mchana!

"Aregae, umeniua."

"Bado, Madam. Ni huyu ndiye anayekufa."

"Fanyeni haraka basi. Haraka na kimya. Wageni wanakunywa juisi, mkimaliza tunafungua chakula. Na wewe usiingie na shuka hiyo."

Ekitela alitoka akiwa na mkuki wa babu yake. Mama yake alikuwa amemvalisha koti jeupe la maabara juu ya suti ili damu isimrukie. Wazee wakamtazama, hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Zamani wangecheka mpaka walale chini.

Sasa kwetu fahali akifika, mama wa bibi harusi hutoka kumpokea. Huimba, huinua mikono, wanawake wenzake wanamjibu. Ikawa Napeyok hatoki. Alikuwa ndani ya nyumba ya wageni tangu asubuhi, ameoshwa, ameketishwa meza ya mbele kati ya mama wa kaunti na bwana mmoja wa mafuta. Wanawake wa kwetu wakaita mara ya kwanza, wakaita tena. Mwishowe akaja, amevaa gauni la bluu la kuazima, na shingo yake ameizungushia mtandio mpaka kidevuni. Nikadhani ni baridi ya feni.

Akaimba. Sauti ya dada yangu ni nzuri, hilo hata Madam hajalikana. Aliimba majina ya ng'ombe wa baba yetu, na alipofika jina la yule mwenye pembe zilizopinda akajisahau. Akainua mikono yote miwili juu, akaruka, na mtandio ukadondoka.

Shingo ilikuwa tupu.

Mtu asiyekulia kwetu aniruhusu nieleze. Mwanamke wetu aliyeolewa ana pete ya chuma shingoni, na juu yake shanga, kamba juu ya kamba, mpaka kidevu kinapumzika juu yake. Analala nazo, anazaa nazo. Anazivua akifiwa na mume. Siku hiyo tu. Shingo tupu haihitaji kusema kitu, imeshasema. Na ngozi ya shingo ile, iliyokuwa haijaona jua tangu dada yangu awe mwari, ilikuwa nyeupe na imekunjamana kama ngozi ya ndama aliyezaliwa kabla ya wakati.

Kilio kikaanza upande wa wanawake, kikapita kama moto kwenye nyasi. Lokwang! Lokwang amekufa! Bibi mmoja akajitupa mchangani. Ekal akachukua mkuki mkononi mwa Ekitela, akausimika chini. "Hakuna fahali. Nyumba ina maiti."

"Hajafa!" Napeyok akapiga kelele. "Hajafa! Nimemwacha anakula!"

Mtu akapiga simu kwa mwenye duka Lokitaung. Mwenye duka akatembea mpaka kwa Lokwang, tukasikia sauti ya mzee mwenyewe, kavu, inauliza kama ndugu wa mkewe wamekumbuka kumtumia tumbaku. Wengine wakapumua. Ekal hakupumua. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona yule Ekal niliyemjua.

"Basi ni mbaya zaidi," alisema. "Amemlilia mtu aliye hai. Amemwitia kaburi. Nani alizivua?"

Napeyok akainamisha kichwa. "Nilizivua mimi."

"Pete hufunguka, lakini shanga hizo hazipiti kichwani. Zilikatwa. Mwanamke hajikati kisogo. Nani alishika mkasi?"

Napeyok alikuwa analia bila sauti, ameifunika shingo kwa viganja viwili kama mtu aliyekutwa uchi, na hivyo ndivyo alivyokuwa.

Nikamwendea, nikamnong'oneza, "Dada, kwa nini?"

"Aliniomba, Aregae. Alisema nikikaa mbele na mafuta mwilini na shanga shingoni, Madam atavunja ndoa. Alisema fahali atakuwa ameshachomwa asubuhi, wazee watakuwa huku nje, wa ndani hawajui maana yake. Saa mbili tu, halafu tutazitunga tena." Akameza mate. "Ni mtoto wangu. Ningefanya nini?"

Ndipo Akeno akatoka mlangoni, gauni jeupe limeburuta mpaka mchangani. "Mkasi nilishika mimi," alisema. "Si mama."

"Nani alikufundisha?"

Angeweza kumtaja Madam. Wote tulimtazama Madam, na Madam alikuwa anatazama magari. Akeno hakumtaja. "Nilifundishika mwenyewe."

Wazee wakaketi kwenye vigoda vyao, mchangani, na kumbe walikuwa wamevificha chini ya shuka muda wote. Wakazungumza kwa sauti ya chini. Uamuzi haukuwa mgeni kwa mtu yeyote wa kwetu. Achinjwe mbuzi, na ule ujiuji wa kijani wa tumboni mwake wapakwe wawili hao: aliyekatwa na aliyekata. Usoni, shingoni, kifuani, mpaka miguuni. Ukae mpaka ukauke wenyewe, wasiuoshe mpaka jua lizame. Hapo kifo kitakuwa kimerudishwa kilikotoka. Kisha fahali.

"Haiwezekani," Madam akasema. "Apakwe kesho. Leo ana wageni."

"Kesho fahali atakuwa amerudi Kakuma," Ekal akasema.

"Mzee Ekal, tulikubaliana mambo haya!"

"Tulikubaliana habari ya soda."

Hapo walicheka, wale wazee, na nikawasamehe nusu.

Madam akamshika Ekitela mkono. "Wewe sema kitu. Ni mke wako."

"Bado si mke wangu, mama," Ekitela akajibu taratibu, "hiyo ndiyo shida yenyewe." Kisha akafungua kifungo cha koti lake, akakifunga, akakifungua. Alikuwa anangoja mama yake au Akeno amwambie afanye nini. Nimeona fahali wengi wakingoja kuchomwa wakiwa na uso wenye msimamo kuliko ule.

Akeno akamwangalia Ekitela, akamwangalia Ebei aliyebebwa na shangazi yake mmoja, mdomo umejaa keki. Akavua viatu. "Mbuzi yuko wapi?"

Kwenye lori nilikuwa na beberu wa mteja. Nikamtoa. Tumbo likapasuliwa, ujiuji ukatoka moto, wa kijani, wenye harufu ya nyasi zilizotafunwa na kulala. Ekal akauchota kwa mikono miwili. Akaanza na dada yangu, shingo ile nyeupe ikafunikwa, na nakuambia kweli, ilipofunikwa nilivuta pumzi. Kisha Akeno. Gauni lote la mbele. Akasimama wima, mgongo haukupinda hata kidogo. Vile vile alivyofungwa kwa leso ndivyo alivyosimama.

Dirishani watu wa ukumbini walikuwa wamekusanyika na simu zao. Mmoja akaweka kitambaa puani. Bibi mmoja akageuka ukutani akatapika, kwa adabu, ndani ya mkoba wake.

Ekitela akachoma fahali. Vibaya, mara mbili, lakini akachoma. Mwekundu wangu akapiga magoti, wanawake wakapiga vigelegele, na wakati huo huo Akeno akawa mke na Ebei akapata baba. Nilikuwa nimemsafirisha fahali yule siku nzima kwa ajili ya wakati ule, nikautazama, ukapita.

Ekitela akavua koti la maabara, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. "Dakika tano," akamwambia Akeno. "Nikasalimie wageni tu, nitarudi tukae na wazee." Akaingia. Mama yake akamfuata, akafunga mlango wa ukumbi, akasimama mbele yake.

Akeno alingoja. Nyama ikawekwa motoni. Kupitia dirishani tulisikia vijiko, hotuba, makofi. Dakika tano za Ekitela zilikuwa ndefu kuliko laga langu.

"Keti, mwanangu," nikamwambia, nikamsogezea kigoda changu. "Kula na watu wako."

"Nitakula na mume wangu, Mjomba."

Akaenda peku mlangoni, akausukuma, ujiuji umeanza kukauka na kupasuka usoni. Nikamfuata mpaka kizingitini kwa sababu nilidhani atapigwa.

"Hutaingia hivyo," Madam akasema kwa meno yaliyofungwa, huku anawatabasamia wageni nyuma yake. "Kajioshe kwanza."

"Jua halijazama, mama."

"Basi kaa nje!"

"Kiti changu kiko ndani. Kina jina langu." Na akapita. Madam angeweza kumzuia, lakini angelazimika kumgusa, na alikuwa na glavu za rangi ya maziwa.

Akavuka ukumbi mzima. Inzi wakamfuata. Akaketi meza ya mbele kando ya Ekitela, ambaye alikuwa na kipande cha kuku kwenye uma, akakisahau hewani. Akakunjua kitambaa cha mezani, akakitandaza mapajani juu ya uchafu. Uma kushoto, kisu kulia. Akakata kuku wake vipande vidogo vidogo, akala mdomo umefungwa, viwiko havikugusa meza. Akamgeukia yule bwana wa mafuta, akasema kwa sauti laini, ile ya kwa Spéciose:

"Laga lilijaa leo. Kwenu Nairobi kumenyesha?"

Yule bwana alikuwa amekuwa wa kijivu. Alitazama sahani yake. Alitazama mkewe. "Kidogo," alisema. "Jumanne, nafikiri." Akajaza mdomo chakula, akatafuna huku machozi yanamtoka.

Na wote wakafuata. Hilo ndilo sitalisahau. Nilitegemea wapige kelele, wakimbie, wamtukane hata. Mtu akikutukana ameonyesha amekuona. Hawakumwona. Waliendelea kula, harufu ya tumbo la mbuzi na harufu ya marashi zimechanganyika ikawa kitu kimoja kibaya kuliko zote mbili, na wakazungumza habari za mvua, na barabara, na mvua. Ekitela naye. Alimwuliza mkewe kama anataka chumvi.

"Shukrani," Akeno akajibu, "nimetosheka."

Nilikimbilia nje. Nimekula punda wakati wa njaa, nimelala na maiti kwenye lori moja, sijatapika. Siku ile nilitapika kwenye maua ya plastiki ya mlangoni.

Mchangani Napeyok alikuwa ameketi na wanawake, shanga zake kwenye sufuria, wanazitunga upya. Spéciose naye alikuwepo, amealikwa halafu amesahauliwa, anatia uzi kwenye sindano kwa haraka ya fundi. Mbavu ya fahali ilikuwa imemkalia mapajani.

"Amekula vizuri?" akaniuliza.

"Kama ulivyomfundisha."

Hakufurahi. Akaitazama ile mbavu, akairudisha kwenye majani.

Jua lilipokaribia kushuka Akeno akatoka. Kazi moja ilikuwa imebaki, nayo ni yangu: mjomba humtemea mate ya baraka mtoto wa dada yake akishaolewa, azae, asiumwe, ng'ombe wake wasipotee. Akapiga magoti mbele yangu, ingawa uso wake bado ulikuwa wa kijani na umepasuka kama udongo wa kisima. Mkononi alikuwa bado ameshika kile kitambaa cha mezani.

"Umepata ulichotaka," nikamwambia.

"Nimepata, Mjomba."

"Watakuwa hivyo maisha yako yote. Wale."

"Najua. Nimeshawajua." Akatabasamu, mdomo umefungwa. "Tema, magoti yananiuma."

Nikahamisha tumbaku shavuni. Nikasema maneno yake yote, ya mvua, ya maziwa, ya watoto, nikatema kwenye paji la uso wake, mate mengi, ya kweli.

Hakujifuta. Lakini niliuona mkono wa kulia, ule wenye kitambaa, ukiinuka wenyewe mpaka kidevuni, ukasita hapo, ukashuka tena taratibu mapajani. Napeyok naye aliuona. Sindano yake ilisimama ndani ya ushanga.

Tulijifanya hatujaona.

Nikachukua kigoda changu, nikaenda barabarani kutafuta lori la Kakuma, na njia nzima nilitema, nikatema, na ladha ile ya marashi haikutoka mdomoni.